Kura Moja ya Aili Kantola

Jumanne, tarehe 8 Oktoba 1963, watu tisa walikuwamo katika darasa la shule ya Harju, kaskazini mwa Ontario, Kanada: jaji, karani wake, wagombea wawili, mawakala wanne, na Aili Kantola, msimamizi wa uchaguzi wa jimbo la bunge la Harju. Jaji alikuwa amemaliza kuhesabu kura upya. Urho Lindqvist na Veikko Kantola walikuwa sare.

Sheria ilikuwa wazi. Msimamizi hapigi kura, isipokuwa wagombea wanapolingana. Hapo huamua yeye, mbele ya watu. Jaji akampa muda hadi baada ya chakula cha mchana.

Kwa miaka ishirini Aili hakuwa amepiga kura, na kutopiga huko ndiko kulikomjengea nyumba yenye wageni. Wafini wa Harju, wana wa wahamiaji kutoka Ufini, walikuwa wamegawanyika tangu enzi za baba zao: hawa wa kanisa, wale wa ukumbi wa wafanyakazi, wenye siasa za kijamaa, na kila upande ulikuwa na duka lake na kwaya yake. Walikutana kwa Aili tu, kila Jumamosi, katika sauna, kibanda cha kuogea kwa mvuke kilichokuwa nyuma ya nyumba. Wanawake waliingia kwanza, wanaume wakafuata. Kisha wote wakanywa kahawa jikoni na mkate wa iliki. Kwa kuwa hakuna aliyeujua msimamo wake, kila upande ulimhesabu kuwa wake.

Veikko, ndugu wa Eino, marehemu mume wa Aili, na mtu wa ukumbini, alimfuata nje.

"Shemeji, hapa huna la kufikiri. Eino angekuwa hai, angekwisha kukuambia."

"Eino hata kuni hakujua kuzipanga. Leo ndiye anipangie kura?"

Veikko alicheka. "Serikali inataka kulifuta jimbo letu, tumezwe na watu wa mji wa bandarini. Nipeleke mimi bungeni. Nitapiga kelele mpaka wazibe masikio."

"Ndicho ninachokiogopa, shemeji. Watayaziba."

Lindqvist alikuwa mtu wa kanisa, na wa chama kilichotawala. Aili hakumpenda, alikuwa mtu wa kuchungulia vijiko vya sukari katika vikombe vya wenzake. Hata hivyo, aliamini kwamba mtu wa ndani angeweza kusikilizwa pasipo kelele. Jaji aliporudi, Aili alisimama akalitaja jina la Lindqvist.

"Basi sauna yako waogee hao," Veikko alisema, akachukua kofia yake.

"Jumamosi maji yatakuwa moto, shemeji. Kama kawaida."

Jumamosi Aili aliwasha moto mapema. Wa ukumbini walikuja wachache tu; watu wa kanisa walifika wote, na mke wa Lindqvist akamwita "mwenzetu" mara tatu kabla kahawa haijachemka. Neno hilo lilimkaa vibaya; hakuwa amepiga kura ili awe mwenzao.

Bungeni, Lindqvist alilitetea jimbo mara mbili, kwa upole. Hakuna aliyeziba masikio, wala aliyesikiliza. Mwaka 1967 jimbo la Harju liliunganishwa na lile la mji wa bandarini. Aili aliwaza mara nyingi kama kelele za Veikko zingefaa zaidi. Watu wa kanisa nao, wakiwa hawana tena cha kumshukuru, walipungua.

Zamani waliokuja kwa Aili kila Jumamosi walikuwa ishirini na wawili. Majira ya baridi ya mwaka huo waliobaki walikuwa wanne: Aili; Helmi mke wa Veikko, ambaye hakukosa hata Jumamosi moja; mzee Toivo wa ukumbini; na dada yake Toivo, wa kanisani.