Tumbo la Bi Zubeida

Mama mkwe wangu, Bi Zubeida, ana duka la vitambaa Tabata na mdomo usiopumzika. Mteja huja kununua mita mbili, akaondoka na mita nne pamoja na nasaha za ndoa. Nampenda, ila kwa jambo moja alinikera: alimzoesha binti yangu Lubaba kulala juu ya tumbo lake. Ukimlaza kitandani, anaangua kilio mtaa mzima usikie.

"Unamdekeza, mama," nilimwambia kila siku.

"Mie nausikiliza moyo wake," alinijibu. "Nyie laleni."

Lubaba alizaliwa na tundu kwenye moyo, katika ukuta unaotenganisha vyumba viwili vya chini. Tangu tulipoambiwa, bibi yake hakupata usingizi wa maana. Mchana alisinzia juu ya majora ya vitambaa, usiku mkono wake uko kifuani pa mjukuu.

Mtoto alipopita mwaka, siku ya kipimo cha eko, kile cha kuupiga moyo picha, ikafika. Daktari alikuwa ametuambia wazi: moyo ukionekana umeanza kutanuka, atafanyiwa upasuaji. Njia nzima nilikuwa nikiomba dua. Bi Zubeida yeye alishamvisha mtoto nguo tatu kwa kuhofia kiyoyozi cha hospitali, akamfukiza udi, kisha kwa huruma zake akamshibisha uji.

Mpimaji alikuwa dada mpole aitwaye Demetria. Alipomlaza Lubaba tu, kilio kikaanza. Akajaribu jeli ya uvuguvugu, katuni za kwenye simu, hata kuimba. Wapi.

"Akilia hivi moyo unakimbia na picha inaruka, siwezi kuamini vipimo," alisema. "Na dawa ya usingizi siwezi kumpa, keshakula."

Nikamgeukia mama mkwe. Akajifanya anatazama dari.

"Kwani nyumbani analalaje?" Demetria akauliza.

Nikaona haya kusema, lakini nikasema. Demetria akapigapiga godoro. "Basi panda, mama."

"Mie? Mtu mzima na buibui langu?"

Alipanda. Kitanda kikalia. Lubaba akalazwa chali juu ya tumbo lile, kifua wazi, akashusha pumzi na kunyamaza. Demetria akapitisha kifaa taratibu, na kwenye skrini moyo wa mwanangu ukatokea, ukifumba na kufumbua kama ngumi ndogo. Rangi nyekundu na bluu zilionyesha damu inakoelekea. Penye tundu ulipita mkondo mwembamba. Niling'ang'ania ukingo wa kitanda, naogopa kuuliza. Ndipo nikasikia mkoromo, na haukuwa wa Lubaba.

Demetria alipima bila haraka, kisha akamwita daktari. Naye akatazama skrini, akatazama kitandani, akashusha sauti.

"Tundu limepungua. Moyo haujatanuka na unasukuma damu vizuri. Hatumpasui, tutakuwa tunamwangalia tu."

Nililia pale pale, bila aibu.

Bi Zubeida akafumbua jicho moja. "Haya binti, anza basi. Nimeacha duka."

"Tumeshamaliza, mama," akasema Demetria, nami nikamweleza yote.

Aliweka kiganja kifuani pa Lubaba, juu ya jeli, akakiacha hapo huku machozi yakimtiririka hadi masikioni. Baada ya muda nikamkumbusha ashuke, watu wanasubiri nje.

"Waambie wasubiri kidogo," akasema, akafumba macho. "Sasa ndiyo nalala."