Insha Iliyomwagwa Juu ya Gunia

Katika vituo vya kununulia majani chai, kuanzia Chepseon hadi Kedowa, hakuna mkulima anayepimiwa kikapu kilichofunikwa. Atayamwaga majani yake juu ya gunia mbele ya majirani, na kila mwenye macho atayaona. Majani mawili na chipukizi hubaki. Jani gumu hutupwa. Nimelelewa katika desturi hiyo, na nilipoanza kufundisha chuoni hapa Kericho niliihamishia darasani. Kila Alhamisi mwanafunzi mmoja husoma kazi yake kwa sauti, na wenzake huichambua. Mezani nimetandika gunia, ili asiwepo wa kusahau tumekutana kwa ajili ya nini.

Mkuu wa idara yetu hakulipenda gunia hilo. Alisema linashusha hadhi ya taaluma. Hadhi inayoshushwa na gunia, mimi husema, haikuwa imepanda.

Muhula uliopita aliniita ofisini kwa habari ya mwanafunzi wangu wa mwaka wa mwisho, binti wa wachumaji chai waliohamia huku kutoka upande wa ziwa. Binti huyo alikuwa ameandika tasnifu kuhusu jinsi watoto wa chekechea katika kambi za wafanyakazi wanavyojifunza kuhesabu. Programu ya kompyuta inayokagua kazi za wanafunzi ilikuwa imekwisha kuhukumu kwamba maandishi hayo ni ya mashine. Kilichosalia ni saini yangu. Ningeitia, binti angefukuzwa.

"Kisome Kiingereza hiki," mkuu aliniambia. "Huyu amezaliwa kwenye laini za nyumba za kambi. Amekitoa wapi?"

"Ulikotoa chako, Mkuu. Shuleni."

Nilimweleza binti yote. Hakulia. "Alhamisi hii ninamwaga, Mwalimu," alisema. "Na Mkuu aalikwe."

Mkuu alikuja, akasimama mlangoni, mikono mgongoni. Binti akasoma. Watoto aliowachunguza walikuwa na mchezo wa kupima chai. Waliojifanya wachumaji walihesabu vikapu vyao kwa Kijaluo au kwa Kikipsigis, lakini aliyejifanya karani wa mizani alihesabu kwa Kiingereza, hata kama hakukijua kupita tatu. Kabla ya kuijua hesabu, watoto hao walikuwa wamekwisha kujua ni nani hupima na ni nani hupimiwa.

Darasa likamvamia kwa maswali.

"Wewe dada, wacha kutufanya wajinga," alidakia kijana wa Bomet, mtani wake mkubwa. "Karani wa chekechea akikwama kwa tatu, anafanya nini?"

"Anarudia moja, tena kwa kufoka. Kama wewe ukiulizwa swali."

Tulicheka. Kijana hakukubali kushindwa. "Ulikaa wapi ukiyaona hayo?"

"Kwenye kiti chao. Magoti yalinigusa kidevu, na kuna mmoja aliyenisuka nywele nikiandika."

"Haya. Umesema 'watoto wote wa kambi.' Uliingia kambi ngapi?"

"Moja."

"Jani gumu hilo, dada!"

"Gumu kweli," alikubali, akachukua kalamu na kulifuta neno 'wote' mbele ya macho yetu. Kisha akageukia mlangoni. "Mkuu, mimi nimemwaga. Hiyo mashine iliyonishtaki nayo ije hapa, tuiulize ilikaa wapi."

Mkuu alitoka. Baada ya kipindi alinisubiri kwenye ujia, karatasi ya mashtaka mkononi. "Darasa si mahakama," alisema. "Tia saini."

Sina ugomvi na mashine. Nina ugomvi na mtu mzima aliyesoma, anayeikabidhi mashine kazi ya kumtilia maskini shaka, kisha ananawa mikono. Nilimwambia kwamba kalamu yangu haipimi kikapu kilichofunikwa. Alinikumbusha cheo chake. Nikamkumbusha kuwa swali la binti bado linangoja jibu.

Shtaka halikupata saini, na tasnifu ilipita. Mimi nilinyang'anywa chumba cha Alhamisi; kimepewa vikao vya idara. Basi tunakutana kwenye kona ya bwalo la chakula, ambako gunia limezoea harufu ya kabeji, na wapishi nao husikiliza. Sijaomba ruhusa, wala sitaomba.

Alhamisi iliyopita ilikuwa zamu ya kijana wa Bomet. Alishika karatasi zake kifuani, akikohoakohoa. Binti, anayengoja mahafali, alikuwa amewahi kiti cha mbele, kalamu mkononi.

"Mwaga, ndugu yangu," alimwambia. "Hapa hatufuniki."