Hofu na Majonzi Katika Jumla Moja

Wakati wa vita, mimi na rafiki yangu niliyesoma naye saikolojia Bujumbura tulipata kazi Rumonge, mwambaoni mwa ziwa. Shirika moja la misaada lilitaka kujua ni nani, kati ya watu waliokimbia kutoka makwao milimani, ameumia zaidi moyoni, ili apate mtu wa kumsikiliza. Tulitunga maswali, tukayauliza toka Kizuka hadi Gatete, siku ambazo barabara ilipitika. Tulilala chumba kimoja, tukila sahani moja. Nilimwita dada.

Gatete nilimkuta mama mmoja akianika ndagala, wale dagaa wa ziwani. Mume na watoto wake walikuwa wameuawa njiani. Kila swali la hofu alijibu hapana: hashtuki akisikia risasi, haogopi kutoka.

"Mama, kweli huogopi?"

"Nitaogopa nini tena? Wale nilikuwa naogopea, hawako."

Maswali ya majonzi aliyajibu ndiyo yote, bila kuinua macho.

Tulipokaa kuchambua majibu, tulikuwa na modeli mbili za kuchagua. Ya kwanza ilichukulia kwamba maswali yote yanapima kitu kimoja, maumivu ya moyo, kwa hiyo unajumlisha tu. Ya pili ilisema yanapima vitu viwili vinavyokaribiana, hofu na majonzi, na kila kimoja kina alama yake. Tulizijaribu zote. Ya pili iliendana na majibu vizuri zaidi, tena waziwazi. Katika ile ya kwanza, watu kama yule mama walionekana wana nafuu, kwa sababu hapana zao zilimeza ndiyo zao.

"Ni mbili," rafiki yangu alisema. "Hapa hakuna ubishi."

Tukakubaliana kusema hivyo.

Mkutanoni, mkuu wetu wa shirika alieleza kwamba anataka alama moja kwa kila mtu, maana mbili zingewachanganya wafadhili. Akamgeukia rafiki yangu kwanza.

"Ninyi mliona nini?"

"Modeli ya kwanza inatosha. Tofauti ni ndogo."

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikaomba kusema, nikaeleza habari za wafiwa wasioogopa tena. Mkuu aliniacha nimalize.

"Mwenzako, aliyefanya hesabu pamoja nawe, haoni hivyo."

Nilimtazama mwenzangu. Alikuwa anafunga begi lake.

Nje nilimuuliza kwa nini.

"Alikuwa ameshaamua. Na anatafuta msimamizi wa mwambao wote, aliniambia juzi. Ningebishana naye ili iweje?"

"Ungeniambia mapema."

"Ungenizuia."

Usimamizi aliupata. Yule mama hakuitwa. Nilienda kumwambia mwenyewe, sikutaka asikie kwa mwingine. Alinisikiliza huku akigeuza ndagala.

"Dada, nilikujibu kweli tupu. Ningesema naogopa, mungenichukua?"

"Labda, mama."

"Sasa ile kweli yangu uliipeleka wapi?"

Nilianza kumweleza jinsi alama zinavyojumlishwa, nikaacha katikati.

Niliacha kazi ile, nikaenda kufundisha hesabu sekondari. Siku moja rafiki yangu alinikuta sokoni Rumonge, akashuka kwenye gari la shirika na kuniita dada kwa sauti ileile ya zamani. Nikamwitikia amahoro, salamu ya mtu yeyote, nikaendelea kununua mawese. Alirudi kwenye gari, akaondoka.

Mkuu hakuwa mtu wa hesabu, nami sikumwekea kinyongo. Lakini yule mwenzangu alikuwa amekaa nami mbele ya majibu yale, akayaona kama nilivyoyaona mimi.