Salamu za Mchawi

Fundi cherehani wa nyumba yetu hapa Mbagala hushonea barazani, karibu na mlango wa saluni ya Flaviana, apate kuiona luninga. Anachopenda ni zile filamu za wachawi zilizotafsiriwa Kiswahili. Hubana pini mdomoni, na mguu hauachi pedeli. Ila kila anapotokea yule mchawi mzee mwenye fimbo, husimamisha cherehani, hutoa pini zote, halafu humwambia kwa sauti ya chini, "Shikamoo, mzee." Alimwamkia hivyo mpaka sehemu ya mwisho, mzee alipozama mtoni, na wiki ile cherehani haikulia sana.

Jumamosi Flaviana kaleta sehemu mpya, inayosimulia mambo ya kabla ya zile zote. Mchawi wetu katokea kijana, hana hata ndevu, anacheka ovyo. Cherehani ikasimama. Pini zikatoka. Sie tukangoja.

"Leo humwamkii?" Flaviana akauliza.

"Huyu si rika la kitinda mimba wangu?"

Kijana alikuwa anavua viatu kando ya mto. Fundi akamtazama, kisha akamwambia kwa sauti ileile ya chini, "Marahaba, baba. Toka hapo mtoni."