Siku Nilipowachagulia Wote Toleo Jipya

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata leo uso unanishuka. Nakusimulia kwa sababu umeanza kazi niliyoifanya mimi, na mikono yako ina haraka kama ilivyokuwa yangu.

Nilikuwa kijana, fundi wa kompyuta katika hospitali moja ya misheni huku Ngara. Kwetu ni Nyamigogo, Biharamulo, ambako baba alihamia na ng'ombe wake kutoka Shinyanga. Katika ukoo wetu mimi nilikuwa wa kwanza kupata kazi ya kukaa kwenye kiti. Kwa hiyo nilijiona. Nilijiona sana.

Hospitali ilikuwa na seva moja iliyotunza faili za idara zote. Humo kulikuwa na folda ya majibu ya vipimo: maabara wanaandika, wodi wanasoma. Kila kompyuta ilipowashwa iliipachika folda ile kupitia mtandao, ikaonekana kana kwamba imo ndani yake yenyewe. Lakini wewe unajua, ili kompyuta na seva zielewane ni lazima zitumie itifaki, yaani kanuni za mazungumzo yao, ya toleo moja. Lipo la zamani, lipo jipya. Mtu asipotaja analolitaka, linachukuliwa lile lililowekwa kuwa chaguo-msingi. Na anayeliweka ni fundi.

Nilikuwa nimetoka mafunzoni Mwanza, kichwa kimejaa sifa za toleo jipya. Jumapili baada ya misa nikaliweka liwe chaguo-msingi la hospitali nzima, na la zamani nikalizima kabisa kwenye seva. Nikajaribu kwenye kompyuta yangu, ikafunguka upesi. Nikajaribu wodi ya wazazi, ikafunguka. Maabara sikwenda. Maabara iko ng'ambo ya uwanja, na mvua ilikuwa inanyesha. Ndiyo sababu yote, mwanangu. Mvua.

Kesho yake asubuhi akaletwa mwanamke kutoka Keza, jina lake Konsolata. Alikuwa amejifungulia njiani, mtoto akawa mzima, lakini damu yake haikukatika. Mumewe, Festo, alikuja naye kwenye pikipiki ya kukodi, amemshikilia kwa nyuma asidondoke. Daktari akaagiza apimwe kundi la damu na maabara watafute inayomfaa. Saa ikapita, kwenye folda hakuna kitu. Daktari akamwambia Festo, "Usisubiri. Nenda kalete ndugu zake waje watoe damu." Festo akapanda tena pikipiki kwenda Kibimba, kwa shemeji zake.

Muuguzi akanipigia simu. Nikatazama kwenye kompyuta yangu, nikaona folda ipo, iko wazi. Nikamjibu, "Mtandao uko sawa. Maabara hawajaweka majibu."

Msimamizi wa maabara alikuwa Mama Adelina, mama wa makamo, mtu wa Ngara hapa hapa, aliyenipokea nilipoanza kazi na kunitafutia chumba cha kupanga. Daktari alimwita ukumbini, mbele ya wagonjwa na ndugu zao, akamfokea. Mama Adelina akasema, "Daktari, majibu nimeyaweka mapema. Na damu ya kundi lake ipo kwenye friji, nimeshaiandaa."

Na mimi, mwanangu, niliyekuwa nimefika kusikiliza, nikacheka. Nikasema kwa sauti, watu wote wakisikia, "Mama, labda umesahau kubonyeza hifadhi. Hizi mashine zinataka umakini."

Aligeuka akaenda maabara, sisi tukamfuata. Akafungua kompyuta yake, na majibu yakawa pale kwenye kioo, jina la Konsolata, kundi lake, damu iliyo tayari. Daktari alichukua damu mwenyewe, akaondoka mbio.

Nikabaki nimesimama mbele ya kompyuta ile, na nikaelewa kabla hata sijaigusa. Ilikuwa ya siku nyingi, haikujua toleo jipya. Ilipowashwa asubuhi iliomba folda kwa toleo la zamani, seva ikaikatalia kwa amri yangu, wala haikupiga kelele. Mahali pa kupachikia pakabaki folda tupu ya kompyuta yenyewe, yenye jina lile lile. Mama Adelina alikuwa akihifadhi majibu humo, akiamini yamefika.

Nilielewa yote hayo, nikanyamaza. Muuguzi mmoja aliyekuwa mlangoni akauliza, "Kumbe mashine yake ni mbovu?" Nikaitikia kwa kichwa.

Mchana Festo akarudi na shemeji zake wawili, wamejaa tope. Akakuta mkewe amewekewa damu, amefumba macho, lakini anapumua vizuri. Mtu akamwambia kwamba damu ilipatikana fundi wa kompyuta alipokwenda maabara. Akanifuata kwenye korido, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Fundi, Mungu akubariki. Umeniokolea mke."

Nami nikasema, "Asante."

Nilipoinua macho, Mama Adelina alikuwa amesimama mlangoni anatutazama. Alingoja Festo aende zake, ndipo akanisogelea. Hakupandisha sauti.

"Mwanangu, mashine yangu ni mbovu?"

"Hapana, mama. Nilibadilisha kitu kwenye seva. Sikuja kuangalia kwako."

"Nilifikiri hivyo. Juzi ilifanya kazi. Mimi nimesemwa mbele za watu. Unisafishe mbele za watu. Na yule baba, mrudishie shukrani zake. Si zako."

Usiku ule sikula. Asubuhi, kwenye mkutano wa wafanyakazi, nikasimama, nikaeleza nilichokifanya na nilichokinyamazia, nikamwomba Mama Adelina msamaha kwa jina lake. Akaitikia, "Nimekusamehe," akakaa.

Kwa Festo ilikuwa vigumu zaidi. Nilimkuta kando ya kitanda, amempakata mtoto. Nikamweleza polepole. Akauliza swali moja tu: "Kwa hiyo nilipokuwa naondoka kwenda Kibimba, damu yake ilikuwepo hapa?"

"Ilikuwepo."

Alimtazama mkewe muda mrefu. Kisha akasema, "Yuko hai. Nenda kazini kwako." Nikampa mkono wa kwaheri, hakuupokea. Alikuwa na mtoto mikononi, ndiyo, lakini angetaka angeupokea.

Seva nikairudisha ikubali matoleo yote mawili. Nikapita idara moja moja, nikaiandikia kila kompyuta toleo lake waziwazi, isibahatishe. Zile folda tupu nikazifunga zisiandikike, ili upachikaji ukishindikana mtu aone kosa pale pale. Toleo la zamani nililizima baadaye sana, maabara walipopata kompyuta nyingine, na siku hiyo nilikaa kwa Mama Adelina hadi majibu ya kwanza yakasomwa wodini.

Sasa nisikilize. Toleo jipya ni zuri, na mimi ningelichagua tena. Lakini chaguo-msingi si chaguo lako peke yako. Unawachagulia watu ambao hawakukuomba na hawajui kwamba umechagua. Kabla hujaliweka, nenda ukaone kila mashine itakayoguswa, hata kama iko ng'ambo ya uwanja. Usimfungie wa zamani mlango kabla hujamvusha. Mtu akikuambia kitu hakifanyi kazi, usimjibu kwa kutazama kioo chako. Nenda ukakae kwenye kiti chake. Na ukikosea, sema mapema, kabla mwingine hajabeba lawama yako, na kabla hujapokea shukrani isiyo yako. Ile ya pili, mwanangu, ndiyo inayonichoma mpaka leo.

Mungu akuongoze kazini. Akupe moyo wa kuuliza na miguu isiyochoka kwenda kuona. Na kila mkono utakaokushukuru, uupokee ukiwa huna la kuficha.