Saa ya Jiji la Binti Yake

Karani wa vyeti ana saa mbili ukutani. Ya kwetu imekufa, maana betri yake ameitia kwenye ile ya jiji alikohamia binti yake. Umepanga foleni tangu asubuhi, unampa fomu, naye anaupulizia mhuri, anainua macho ukutani, anauweka chini bila kugonga. "Huko ndiyo kwanza wanaamka, mama. Huko hakuna kusimama njiani kusalimiana, kila mtu na hamsini zake. Sisi hapa tutaulizana habari mpaka za kuku." Halafu anaupulizia tena. Kwa pumzi hizo mtu angekaushia nguo!

Nimemwendea mara nne kwa cheti cha kuzaliwa cha mwanangu, na uandikishaji shuleni unafungwa kesho. Leo nilikwenda nimeyapanga maneno yangu, na hayakuwa mazuri. Nikamkuta anampigia simu binti yake. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena, ikakatika. Basi akapanda kiti, akaurudisha nyuma mshale wa saa kwa kidole, taratibu, kama anayemfunika mtoto shuka. "Huko majira yakibadilika wanarudisha saa nyuma," akasema bila kunitazama. "Bado amelala."

Nikaangalia saa yangu ya mkononi. Siku ya kwanza nilipokuja, saa ile ya ukutani ilikuwa nyuma ya yangu kwa saa tano. Leo iko nyuma kwa saa tisa, na majira hurudisha saa moja tu.

"Atakuwa bado amelala, mzee," nikamwambia, nikamshikia kiti ashuke.