Mikono Mia Mbili Thelathini na Moja

Kosa langu lilikuwa la hesabu, na hesabu yenyewe ilikuwa sahihi. Watu ishirini na wawili, kila mmoja akimpa mkono kila mwenzake, ni mikono mia mbili thelathini na moja. Ukiongeza habari za nyumbani, za watoto na za barabarani, asubuhi inakwisha kabla hujafungua daftari. Kwa hiyo juu ya ratiba ya mafunzo ya watumishi wapya niliandika, kwa herufi nzito, kwamba masomo yanaanza saa moja na nusu kamili, na kwamba kila anayeingia aende moja kwa moja kwenye kiti chake bila kuzunguka chumba akisalimia.

Ulikuwa mwaka wa tatu wa vita. Nilikuwa nimerudi Bujumbura na shahada ya uzamili katika utawala, na mwili ulioshtuka kila mlango ulipojibamiza. Wizara ilinipa kazi mbili. Ya kwanza, kuwafunza waajiriwa wapya namna ofisi ya serikali inavyoendeshwa. Ya pili, kumpata miongoni mwa wafanyakazi wetu wenyewe mtu wa kuandaliwa kuwa mkufunzi wa ndani, kwa sababu wakufunzi waliokuwa wakitoka ng'ambo walikwisha kuondoka, na hakuna aliyewatarajia tena.

Aliyejitokeza alikuwa mmoja tu: mama wa masjala, aliyezipokea na kuziandikisha barua za wizara tangu kabla mkurugenzi wetu hajawa mkurugenzi. Hakuwa na cheti cha kujivunia. Darasani tulitumia Kirundi na Kifaransa, lakini yeye alikuwa mzaliwa wa Buyenzi, nami nilikulia jirani, Nyakabiga, hivyo sisi wawili tulizungumza Kiswahili cha mjini kwetu.

Hakuwa anatafuta cheo. Masjala ilikuwa inapunguzwa watu, na pendekezo la kumhamishia ofisi ya mkoani lilikuwa tayari mezani kwa mkurugenzi, likisubiri saini. Akifaulu somo lake la majaribio, angebaki mjini. Akishindwa, angesafiri kwa barabara ambayo miezi ile magari yaliipita kwa msafara, askari mbele na nyuma, na si yote yaliyofika. Alilijua pendekezo hilo kuliko mimi. Lilipita mikononi mwake. Aliliwekea namba na kuliandika kwenye daftari kama karatasi nyingine yoyote.

Siku ya tatu niliwapa wanafunzi zoezi la safari ya faili. Barua inaingia, inapewa namba, inawekwa katika faili. Faili linapita meza kwa meza, kila mmoja akisoma, akiongeza maoni yake na kutia saini fupi. Meza saba, dakika thelathini. Muda ulipokwisha, faili lilikuwa limekwama kwenye meza ya tano, na meza ya nne, iliyokuwa kando ya dirisha, ilikuwa imerukwa. Nilidhani ni bahati mbaya. Nikarudia zoezi kwa kundi jingine, nikimwacha palepale kijana aliyekuwa kwenye meza hiyo. Ikarukwa tena.

Jambo hili lilinivutia kupita kiasi. Wakati wa mapumziko ya mchana sikula; nilikaa darasani nikichora meza kama maduara na njia za faili kama mishale. Yule kijana alikuwa mkimya, aliandika kwa mkono wa kushoto, polepole, na wa kulia ulikaa siku zote katika mfuko wa koti. Katika daftari langu nilikuwa nimeandika: *mzito wa kuandika, pengine hana mazoea ya kazi*. Sasa nikajiuliza kama sababu ni umri, au shule, au mtaa, ambao miezi ile ulitosha kutaja kabila la mtu. Nikachukua orodha ya mahudhurio, nikaanza kuandika ndani ya kila duara jina la mtu na mahali anapoishi: Ngagara, Mutanga Nord, Nyakabiga.

"Dokta," sauti ikasema nyuma yangu. Mama wa masjala aliniita hivyo kwa utani, ingawa udaktari sikuufikia. "Unachora nini? Ramani ya vita?"

"Njia ya faili, mama. Natafuta kwa nini linaruka meza moja."

Akainama, akasoma. Utani ukamtoka usoni.

"Umeandika majina ya watu na fasi wanalala. Kwenye karatasi moja. Mu mwaka huu."

"Nilitaka tu kulinganisha—"

"Mi najua ulitaka nini. Mwenye ataiokota kesho, we unajua atataka nini? Pasua."

Nikaipasua mara mbili.

"Apana. Pasua muzuri."

Nikaipasua hadi ikawa vipande visivyozidi ukucha. Akavikusanya yeye, akavitia mfukoni mwake, kisha akaketi kwenye kiti cha mwanafunzi.

"Sasa uliza mi, usiulize karatasi. Hawa watu hawajasalimiana. Mutu anaingia fasi ya watu bila kusalimia, huyo ni mwizi ao ni askari. Siku tatu wanaingia ivyo, na ni we umewaambia. Unataka wapeane faili?"

Nikamwambia kuhusu mikono mia mbili thelathini na moja. Alicheka mpaka akashika meza.

"Ulihesabu! Mungu wangu, mutoto ya masomo, ulihesabu!"

Somo lake la majaribio lilikuwa kesho yake. Nilikaa nyuma na fomu ya tathmini niliyoitunga mwenyewe. Kipengele cha kwanza kilisema: *anaanza kwa wakati*. Ni mimi niliyependekeza kwamba sifuri katika kipengele hicho ifute vyote vinavyofuata, ili pasiwe na upendeleo.

Saa moja na nusu alisimama mlangoni. Hakuenda ubaoni. Alianza na mtu wa kiti cha kwanza, akampa mkono, akamwuliza kwao wameamkaje, akasubiri jibu. Kisha akamwambia asimame amfuate, naye asalimie. Wa pili akawafuata, na wa tatu, mpaka ukawa mstari uliozunguka chumba. Niliitazama saa. Nilikuwa natamani aharakishe, kwa ajili yake.

Akafika dirishani. Kijana alisimama, akasita, na nikakumbuka: siku ya kwanza mtu mmoja alimnyooshea mkono, naye akasita vivyo hivyo, na ni wakati huohuo nilipopiga makofi kuashiria kwamba somo limeanza. Sasa hakuna aliyepiga makofi. Kijana alitoa mkono wa kulia mfukoni, umefungwa kitambaa, akaukunja kiganja ndani na kumpa mama kifundo cha mkono, kama afanyavyo kila mtu kwetu aliyekutwa ana tope au unga mikononi. Mama akakishika kifundo kwa mikono yake miwili.

"Pole. Ni nini?"

"Moto, mama. Nyumba ilipoungua."

"Na sisi tulisema unatudharau!" akasema dada aliyekuwa nyuma yake mstarini.

"Mimi nilisema umeficha guruneti," mwingine akadakia.

Mzaha wa namna ile haukuwa mdogo mwaka ule.

"Ningekuwa nayo," kijana akajibu, "ningemrushia mwenye ratiba."

Wakageuka wote kunitazama, wakacheka, nami nikacheka, nikichelewa kidogo. Kisha wakapita mmoja mmoja wakimshika kifundo.

Mama alipofungua faili la kwanza saa yangu ilisema saa mbili kasoro tano. Akaligawa zoezi lilelile. Faili lilipita meza zote saba, ya nne ikiwamo, katika dakika kumi na nane, na kijana akatia saini yake kwa mkono wa kushoto huku jirani yake akimshikia karatasi isiteleze.

Nilibaki na fomu. Swali lilikuwa jepesi kwa mtu mwingine yeyote: somo lilianza saa ngapi? Nililigeuza kila upande. Kuandika saa mbili kasoro tano kulikuwa kweli, nako kungemweka mama barabarani. Lakini sikuridhika kuandika jingine kwa huruma tu, kwa maana huruma ndiyo upendeleo niliotaka kuuzuia. Nikachora tena njia za faili, za siku ya tatu na za siku ile, maduara matupu, bila jina wala mtaa. Nikazitazama pamoja. Kisha nikaandika, nikiamini kila neno: *Somo lilianza saa moja na nusu kamili.*

Mkurugenzi aliniita.

"Saa moja na nusu? Nilipita nje saa mbili kasoro robo, nikaona watu wamesimama wanashikana mikono kama harusini."

"Ndiyo, Bwana Mkurugenzi. Ndilo lilikuwa somo."

"Unaniona mtoto?"

Nikamwekea michoro miwili mbele yake. Aliifuata mishale kwa kidole, mmoja, kisha wa pili.

"Duara hili la dirishani ni nani?"

Nikamwambia. Akavua miwani.

"Huyo alikaa mbele yangu kwenye usaili. Sikumpa mkono. Nilikuwa na haraka." Akaivuta fomu. "Dakika ishirini, zisizidi. Na uziandike kwenye ratiba, nisije nikaulizwa."

Akatia saini. Lile pendekezo la uhamisho akalikata mstari na kunipa nilirudishe masjala.

Nilishuka nalo mwenyewe. Mama alisoma kwanza ratiba mpya.

"Umeandika salamu mu programu? Na saa yake? Ee Dokta, kesho utatuandikia na kupumua."

Halafu akaiona karatasi ya pili, akaacha kucheka. Alifungua daftari, akarudi nyuma kurasa kadhaa bila kutafuta, maana namba aliijua kwa moyo. Kwenye safu ya mwisho, mbele ya jina lake mwenyewe lililoandikwa kwa mwandiko wake mwenyewe, aliandika neno moja, *imefungwa*, akaacha daftari wazi mpaka wino ukauke.